Mguu Wangu wa Kushoto Huchelewa

Mguu wangu wa kushoto huchelewa. Hauchelewi sana, pengine robo ya pigo, lakini kwenye dansi ya tapu robo hiyo inasikika mpaka mlangoni. Ukivaa kiatu cha kawaida unaweza kuchechemea na mtu asijue. Ukivaa kiatu chenye vyuma viwili kwenye soli, kimoja chini ya vidole na kimoja chini ya kisigino, sakafu inasema kila kitu.

Mwaka 2017 mizigo iliniangukia kwenye ghala nililokuwa nikifanya kazi, huku New Jersey. Kifundo kikavunjika pawili. Waganga wakakiunga kwa bamba la chuma na parafujo, nikakaa nyumbani miezi 7. Habari za ghala sitaki kuziingia. Waliniletea karatasi nisaini, nikasaini, yakaisha. Kilichobaki ni ule mguu. Niliporudi kutembea nilikuwa nauburura kama mzigo wa mtu mwengine, na nilijizoesha kupita kando ya kuta nisionekane. Nilikuwa na miaka 44.

Binti yangu alikuwa na miaka 7 na Jumamosi asubuhi akijifunza tapu mjini Newark, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili juu ya duka la kufulia nguo. Mama yake ndiye aliyemwandikisha. Mimi nilikuwa nampeleka, nakaa kwenye benchi la wazazi, namsubiri. Sikuijali. Tapu niliyoijua ni ile ya filamu za zamani: kofia ndefu, bakora, tabasamu la masikio kwa masikio. Nilizaliwa Mkoani, Pemba, na kwetu tuna ngoma zetu. Hii niliiona mambo ya watu.

Jumamosi moja nilitoka zamu ya usiku bila kulala. Nikakaa benchini, nikaegemeza kichwa ukutani, nikafumba macho. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Kila wiki nilikuwa nikiitazama tu. Watoto 12 walikuwa wanarudia hatua moja, shafuli, yaani unaupeleka mguu mbele ukikwaruza sakafu kisha unaurudisha, sauti mbili, cha-cha, cha-cha. Macho yakiwa yamefumba sikumwona mtoto yeyote. Nilimsikia babu yangu, baba wa mama, akija uwanjani jioni na misewe imefungwa vifundoni.

Wasioijua msewe niwaambie: ni ngoma ya Pemba ya wanaume, na jina lake limetokana na hayo manjuga yanayofungwa miguuni. Mchezaji akikanyaga, mguu wenyewe unalia. Wapo wapiga ngoma pembeni, lakini anayecheza naye ni mpigaji. Babu alikuwa mtu wa maneno machache sana, na nadhani mimi nilimjua zaidi kwa miguu yake kuliko kwa mdomo wake. Alifariki mimi nikiwa darasa la nne.

Nilipofumbua macho nilikuta mwalimu amesimama mbele yangu, mama wa Kimarekani mweusi aliyepita miaka 60, mwembamba, nywele nyeupe. Akanambia kidole changu kilikuwa kinagonga benchi muda wote, na kwamba kilikuwa kinagonga vizuri. Kisha akaniuliza navaa viatu namba ngapi.

Darasa la watu wazima lilikuwa saa 5 asubuhi, baada ya watoto. Tulikuwa 9. Siku ya kwanza hakutufundisha hatua hata moja. Alitukalisha sakafuni, akachukua bisibisi, akatuonyesha kiatu. Kila kibati kimeshikwa kwa parafujo. Ukizikaza sana, sauti inakuwa kavu na fupi; ukizilegeza kidogo, kibati kinapata nafasi ya kucheza juu ya soli na kuna mlio wa ziada, kama sarafu mfukoni. Wachezaji wengine huzikaza mpaka mwisho, wengine huzilegeza kwa kipimo wanachokijua wenyewe, na hakuna aliyekosea. Akagonga sakafu kwa kisigino ili tuisikie. Ilikuwa ya mbao ngumu na chini yake imeachwa uwazi, na huo uwazi ndio unaoipa sauti tumbo. Juu ya saruji, alisema, mtaharibu goti na hamtasikia kitu.

Mimi niliyekuwa na parafujo ndani ya mguu nilikitazama kile kiatu kwa muda mrefu.

Akatueleza asili yake pia, na alieleza kama mtu anayesimulia ya kwao. Mwaka 1739, kando ya mto Stono huko South Carolina, watumwa waliasi wakaandamana wakipiga ngoma kuwaita wenzao. Uasi ulizimwa, na mwaka uliofuata, 1740, ikatungwa sheria iliyowakataza mengi, pamoja na kupiga ngoma na kupuliza pembe. Mabwana walishaelewa kuwa ngoma ile ni ujumbe. Mdundo ukahamia kwenye mwili: viganja, mapaja, kifua, nyayo. Uchezaji huo wa kujipigapiga mwili wakauita juba. Baadaye, mjini New York, kwenye mtaa wa kimaskini ulioitwa Five Points, weusi walio huru na Waairishi waliokimbia dhiki kwao waliishi vichochoro vimoja na kunywa kwenye vilabu vimoja. Waairishi walikuja na dansi zao za jigi, Waingereza wa Lancashire walikuwa na dansi yao ya viatu vya mbao, na weusi wakawa na juba. Watu wakashindana, wakaigana. Katika miaka ya 1840 kijana mmoja mweusi, William Henry Lane, aliyejulikana kwa jina la Master Juba, aliwashinda mabingwa wa zama zake kisha akavuka bahari kwenda kucheza London. Vibati vya chuma vyenyewe vilikuja nyuma sana, karne ya 20 ikiwa imeshaanza.

Sisemi tapu ilitoka kwetu. Waliopelekwa Carolina walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola, na sipendi mtu wa pwani ajitwalie kilichopatikana kwa damu ya wengine. Nasema tu kwamba nilipokisikia, masikio yangu yalikuwa tayari.

Katika wale 9 walikuwamo wawili ambao sitawasahau. Mmoja ni mzee aliyestaafu kazi ya zimamoto, bibi yake alitoka Ireland. Alicheza na mikono imeganda mbavuni, mgongo wima, huku chini miguu inakwenda kama mvua. Kwake tapu ilikuwa ni bibi jikoni. Wa pili ni mama mweusi, muuguzi mstaafu, na ndiye aliyekuwa bora kutupita sote. Alicheza akiitazama sakafu na hakutabasamu hata mara moja. Kuna msichana alimwambia siku moja, kwa nia njema, kuwa ingependeza akicheka kidogo. Darasa lilinyamaza.

Baada ya kipindi tulishuka ngazi pamoja, mimi na yule muuguzi, mimi nikishika ukuta, naye akanieleza bila kuulizwa. Baba yake hakuruhusu tapu itazamwe nyumbani kwao. Kabla ya weusi kuruhusiwa kupanda majukwaani wenyewe, wazungu walijipaka masizi usoni wakawaigiza, wakacheza kwa meno nje, na nchi nzima ikacheka kwa miongo na miongo. Weusi walipopata nafasi walitakiwa waje na tabasamu lilelile. Akamtaja Bill Robinson, wanayemwita Bojangles, ambaye alikuwa fundi asiye na mfano. Mwaka 1935 alicheza kwenye filamu na mtoto Shirley Temple, wakapanda na kushuka ngazi wakishikana mikono. Filamu ile ilipendwa ajabu, na watoto wengi wa Kimarekani walipelekwa kujifunza tapu kwa ajili ya filamu kama hizo. Lakini Robinson mle ndani ni mtumishi wa nyumba. "Mtu mkubwa kuliko wote kwenye kile chumba," akasema yule mama, "na kazi yake ni kufungua mlango."

Nilikwenda nyumbani nikaitazama ile ngazi ya kwenye filamu mara nyingi. Robinson anacheza kwenye ncha ya nyayo, mwepesi, na kila kidato anakipa sauti yake. Ukifumba macho unasikia ngazi nzima kama ala moja ya muziki. Ukifumbua unaona lile tabasamu na lile koti la utumishi. Yule mama alikuwa na haki ya kutocheka. Na mimi naamini Robinson pia alijua alichokuwa akikifanya, kwamba uso aliwapa wao na miguu akabaki nayo mwenyewe. Tulibishana juu ya hili, mimi na yule mama, kwenye ngazi zile, kwa miaka. Tulibishana kwa heshima. Hakuna aliyemgeuza mwenzake, na sasa naona si lazima. Robinson alifariki mwaka 1949 hana kitu, yeye aliyepata mamilioni, na siku ya maziko yake watu walijaa barabara za Harlem, mtaa wa weusi mjini New York.

Mwezi wa tatu wa mafunzo nilitaka kuacha. Kuna hatua ya msingi ambayo zamani mchezaji aliitumia kuwaonyesha wapiga muziki mwendo anaoutaka. Kila anayejifunza tapu lazima aipite. Wenzangu waliipata. Mimi kila nilipofika mguu wa kushoto, kifundo kiligoma kukunjika kwa wakati, na pigo likaja limechelewa. Niliukimbiza, nikaukimbiza, nikaanza kuuchukia. Jumamosi moja nikavua viatu katikati ya kipindi nikavirudisha kwenye kabati.

Mwalimu hakunibembeleza. Wenzangu walipoondoka alichukua simu yake akanionyesha mtu anacheza kwenye televisheni ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mtu mweusi, suti nzuri, na mguu wa kushoto hana. Mahali pake pana kigingi cha mbao. Clayton Bates, Peg Leg Bates. Alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Fountain Inn, South Carolina. Akiwa na miaka 12 mguu wake ulinaswa na mitambo ya kiwanda cha pamba, ukakatwa. Akachongewa mguu wa mbao, akajifunza kutembea, kisha akajifunza kucheza, na akaja kuitwa zaidi ya mara 20 kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan kilichotazamwa nchi nzima. Mwaka 1951 yeye na mkewe walifungua mahali pa mapumziko Kerhonkson, kwenye milima ya Catskill, ambako familia za weusi zilikwenda kupumzika wakati hoteli nyingi za jirani hazikuwataka.

Lakini mwalimu hakunionyesha ili nimhurumie mtu yule, wala ili nijione afadhali. Aliizima picha akaniachia sauti. "Sikiliza," akasema. Kiatu kilikuwa na sauti ya juu, ya chuma, kali. Kigingi kilikuwa na sauti nene, ya chini, kama mchi kinuni. Miguu yake haikufanana sauti na hakujaribu kuifananisha. Alikuwa na ngoma mbili wakati wenzake wana moja.

Nilivirudisha viatu miguuni.

Tuliyofanya baadaye ndiyo yaliyonibadilisha, na ni kazi ya subira. Mwalimu alinikataza kuukimbiza mguu. Akanifundisha kuupangia mahali: pigo la kulia linakuja kwa wakati wake, kisha naacha pengo, kisha la kushoto linaingia mahali ambapo mimi nimeamua liingie. Ukiliachia pigo lichelewe bila mpango, ni kosa. Ukilijua linapofika na ukalisubiri, limekuwa muziki. Alinigeuza niutazame ukuta badala ya kioo, maana kioo kilinifanya niangalie mguu. Pale ukutani sikuwa na mguu mzuri na mguu mbovu, nilikuwa na sauti mbili tu.

Akanihadithia Hoofers Club ya Harlem, chumba kidogo chenye piano ambamo mabingwa walikutana usiku na mchana kupokezana hatua. Kuiba hatua ya mwenzio ilikuwa ruhusa. Kuirudisha vilevile ilikuwa aibu. Ilikubidi uigeuze, uweke chako ndani yake. Ndiyo maana John Bubbles, aliyeshusha kisigino mahali ambapo wenzake walibaki kwenye ncha za nyayo, aliufungulia mchezo mzima njia nyingine. Mwalimu alisema mimi siibi kitu. Mguu wangu umeshaigeuza hatua yenyewe, kazi yangu ni kuisimamia.

Nyumbani nilinunua ubao wa plaiwudi nikautandika juu ya zulia jikoni. Jirani wa chini aligonga dari kwa fimbo ya ufagio. Nilishuka na sahani ya vitumbua, nikamweleza habari za mguu, tukakubaliana saa 4 mpaka saa 5 asubuhi, siku ambazo sina zamu. Ikawa hivyo mpaka leo.

Huwa najiuliza jinsi kitu hiki kilivyokaribia kufa. Kuanzia miaka ya vita vikuu vya pili ladha ya watu ilibadilika. Wapiga jazi wakaanza muziki wa kukaa na kusikiliza, maonyesho ya Broadway, kwenye majumba makubwa ya New York, yakageukia baleti, na kodi nayo ikaja: mwaka 1944 serikali ya Marekani ilitoza asilimia 30 kwenye kumbi za dansi na uimbaji, kisha ikaishusha kuwa 20, na wenye kumbi wengi wakaona bora waondoe uwanja wa kuchezea waongeze meza. Mafundi wa miguu wakaenda kufanya kazi nyingine. Kuanzia miaka ya 1970 vijana, wengi wao wanawake, waliwatafuta wale wazee mmoja mmoja wakawaomba wawafundishe kabla hawajaondoka. Brenda Bufalino alijifunza kwa Honi Coles, mmoja wa wazee hao. Akaja Gregory Hines, akaja Savion Glover, mtoto wa hapahapa Newark, na sasa tapu inafundishwa mpaka Japani na Brazili. Nikilisoma hili naikumbuka misewe ya babu. Aliiacha imetundikwa msumarini. Hakuna hata mmoja wetu wajukuu aliyemwomba amfundishe.

Tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Robinson mwaka 1878, ndiyo siku ya tapu nchini hapa. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1989. Mwaka 2019 darasa letu lilicheza bustanini siku hiyo, juu ya mbao tulizozibeba wenyewe. Mwisho wa shughuli za tapu huchezwa Shim Sham, mchezo mfupi uliotungwa na Leonard Reed na Willie Bryant mwishoni mwa miaka ya 1920, na kila anayeujua hupanda jukwaani, bingwa na anayeanza. Binti yangu alikuja akasimama kulia kwangu. Kushoto alikuwapo yule muuguzi. Sikuwa na mahali pa kujifichia na wala sikupatafuta. Pale mguu wangu unapochelewa nilimsikia yule mama akichelewa nami, kwa makusudi, pigo kwa pigo, uso wake umetulia kama kawaida yake, macho yapo chini.

Jioni ile nilimpigia mama yangu Mkoani. Yeye tangu mwanzo hakulipenda jambo hili. "Baba wewe," alikuwa akinambia, "mtu mzima mwenye watoto, viatu vya chuma?" Nilikuwa nimemtumia picha za video, lakini macho yake yana mtoto wa jicho, na wajukuu waliomwonyesha walikuwa wakicheka tu. Safari hii aliuliza mwenyewe kama kweli nimecheza mbele za watu na mguu ule. Nikasema nimecheza.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Weka simu chini nisikie."

Nikavaa viatu. Nikautandika ubao, nikaiweka simu pembeni yake, nikacheza ile hatua yangu, taratibu, na pengo lake na pigo lake la mwisho. Nilipomaliza niliiokota simu. Nilisikia kitu kinagongwa kule, kwa kidole au kwa fimbo yake ya kutembelea, juu ya ubao wa kitanda. Alikuwa anaitafuta.

"Hapo mwisho umeharakisha," akasema. "Babu yako hapo alikuwa akingoja. Rudia."